Visindano Ndani ya Kitambaa

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini na mbili huu, na kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kwamba sindano iliyovunjika haitupwi ovyo. Unaichomeka kwenye kipande cha kitambaa kinene, unakikunja, unakizungushia uzi, ndipo unatupa. Kwa hiyo daktari aliponipa kile kimashine cha kupimia sukari nyumbani, pamoja na visindano vyake vya kutobolea kidole, sikuuliza mtu. Niulize nini? Sindano nilizijua kabla huyo daktari hajaota meno.

Kila asubuhi nilitoboa kidole, nikakamulia tone la damu kwenye kijiti, nikasoma namba na kuiandika ukutani kwa chaki ya kukatia nguo. Karatasi ya maelezo ilisema kisindano kitumike mara moja tu. Mara moja! Mimi nilikitumia wiki nzima, mpaka kianze kuuma vibaya, ndipo nikakichomeka kwenye kitambaa na wenzake. Hata vikopo vya vijiti vilipoisha sikuvitupa, niliwekea vifungo.

Ninaishi kwenye chumba kimoja, mbele cherehani, nyuma kitanda, katikati pazia. Anayebisha hodi kwangu ana nguo ya kushonwa. Nguo ikiisha, simwoni tena mpaka imbane.

Isipokuwa Mama Mkokoteni. Huyo ndiye mzoa taka wa mtaa wetu, Jumanne na Ijumaa, na mlango wangu ndio kituo chake cha kupumzikia. Ananiita dada, namwita mdogo wangu, ingawa hata koo zetu hazijuani. Anakalia kiti cha wateja, anakunywa maji, ananitania kwamba uso wangu unafukuza wateja, na mimi namwambia atoke na harufu zake. Dakika kumi hivi. Hizo dakika kumi, mara mbili kwa wiki, ndizo zilizokuwa mazungumzo yangu yote, na sikuwahi kumwambia. Mabaki ya vitambaa nilimwekea pembeni, akajazie mito.

Ijumaa moja alikuta kwenye mfuko wa taka furushi dogo la kitambaa kizuri. Akadhani nimesahau kumwekea pembeni. Akalibinya kupima unene wake, na visindano vitatu vikamwingia kiganjani.

Nilifanya nini? Nilimfokea. Nilimuuliza nani kamtuma achokonoe uchafu wa watu. Alisimama pale anaangalia damu mkononi, uso umemshuka, kisha akasukuma mkokoteni wake akaenda zake. Mdomo wangu hauna breki, na siku ile ulinitia aibu ambayo hadi leo haijanitoka.

Kesho yake asubuhi alirudi, mikono mitupu. Nilimpa pole kabla hajakaa, lakini hakufuata pole. Alikuwa ametoka zahanati. Wamempa vidonge vya kuzuia virusi vya ukimwi, vya siku ishirini na nane, na vinamtapisha. Wamemwambia kama mwenye visindano anajulikana, akapimwe. Akikutwa hana virusi, vidonge vitaachwa. Asipopimwa, basi Mama Mkokoteni ameze vyote na kusubiri miezi ndipo ajue kama yuko salama.

"Dada, sikuja kugombana," alisema. "Nina mtoto ananyonya. Tangu jana naogopa kumpa ziwa."

Na hapa lazima niseme ukweli, ingawa unanivua nguo.

Mume wangu alifariki miaka kumi na moja iliyopita, amekonda hadi shati la harusi lilimzunguka mara mbili. Mawifi walinong'ona ugonjwa gani. Wauguzi waliniambia nikapime, nikatia ngumu. Nilijiambia jibu ninalijua, ya nini kulisikia kwa mtu mwingine? Nikaanza kuishi na jibu hilo. Nikatenga kikombe changu na sahani yangu. Kikombe hakiambukizi, redio imesema mara mia, lakini woga hausikii redio. Fundi vioo, mtu mpole, mjane kama mimi, alinijia mara mbili na nia ya ndoa. Nilimpenda, acha niseme. Mara zote mbili nilimjibu jibu la mkato huku nimempa mgongo, nakanyaga cherehani isiyo na nguo. Akaoa kwingine, akahama. Kila homa iliponishika nilisema, haya, umefika. Hata sukari ilipogunduliwa nilisema ndiyo mwanzo wenyewe.

Sasa mwanamke huyu amesimama mbele yangu na mtoto ana njaa nyumbani.

"Ngoja nivae viatu," nikamwambia.

Kule zahanati muuguzi alinisema kwanza, tena vizuri. Kisindano kinatumika mara moja. Kinatupwa kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, siyo kitambaa, na ikikaribia kujaa unaileta kwao ikateketezwe. Nilisikiliza kama mwanafunzi. Kisha akanitoboa kidole, akasema tusubiri.

Tulikaa kwenye benchi. Mama Mkokoteni alinishika mkono, na nilihisi plasta ya kiganjani mwake. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika mkono bila kupimwa nguo. Moyoni nilikuwa namwomba radhi mtoto wake.

Muuguzi alituita. Huna virusi, akasema, na kwa jinsi ulivyonieleza maisha yako ya miaka hii yote, hilo ndilo jibu, hakuna la kurudia.

Mdogo wangu alipiga magoti, akamshukuru Mungu, akanikumbatia na kunilowesha bega kwa machozi. Kisha akakimbia. Nani angemlaumu? Ziwa lilikuwa limejaa na mtoto analia.

Mimi nilibaki kwenye kiti. Muuguzi akaniuliza mbona sifurahi. Nikamuuliza kama ningekuja mwaka ule nilipomzika mume wangu, jibu lingekuwa hilihili. Akasema ndiyo, labda ningerudi baada ya miezi mitatu kuhakikisha, basi.

"Miezi mitatu," nikasema.

"Mitatu tu, mama."

Nilitoka nikaketi tena kwenye lile benchi, nikalia kwa sauti mbele za watu. Walinitazama kwa huruma, wakidhani nimepewa jibu baya. Mmoja alisogea kunipa nafasi zaidi. Hakuna hata mmoja aliyenijua, wa kuniuliza kulikoni.