Shairi la Sudi nililolijaza maneno yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote humu. Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mtanivumilia. Nitakayosimulia yalinitokea mwenyewe, na humu ndani sina hata kimoja cha kujisifia.

Juzi nimeona watu wakitukanana hapa kuhusu mashairi ya mtindo mpya, yasiyo na vina wala mizani. Mmoja akasema hayo ni mambo ya vijana wa leo.

Nikaguna tu. Sisi tuligombana kwa hayo hayo kule Likoni, miaka miwili mitatu kabla ya uhuru.

Tulikuwa na kikao chetu cha washairi, kila Jumapili baada ya alasiri, barazani kwa Mwalimu Athmani. Mwalimu alisomesha Kurani chuoni na ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Akisema shairi ni guni, yaani mizani yake imepungua, basi limekufa.

Kwetu mtunzi haghani shairi lake. Humkabidhi mwenye sauti. Na kwa miaka ile mwenye sauti nilikuwa mimi, msinione hivi.

Mghani naye ana kazi yake. Akikuta mstari umepungukiwa, anaujaza palepale, ausukume kwa neno lolote linaloingia. Akiuacha upungue watu humcheka, hudhani amesahau. Tangu utotoni nimefunzwa hivyo, mdomo ukajaza wenyewe bila kuniuliza.

Basi Jumapili moja Mwalimu akaitisha kikao maalumu. Vijana walikuwa wameanza kuleta vitu vya ajabu, akataka tuvijadili mara moja, tuamue ni mashairi au si mashairi.

Kazungu wa Magongo, aliyekuwa kibarua bandarini, alileta shairi ambalo ni majina matupu, vile yanavyoitwa asubuhi getini. Jina, jina, jina. Wengine walicheka hadi kofia zikawaanguka. Mimi nilicheka zaidi yao, kumbe zamu yangu yaja.

Baada yake ilikuwa zamu ya Sudi.

Sudi alikuwa rafiki yangu wa Junda, fundi wa viti, mtu wa maneno machache. Mamake alikuwa amefariki kwa maradhi ya kifua. Sudi alimuuguza mwenyewe hadi mwisho, na kila siku pumzi ya mama ilipopungua, na maneno yalipungua. Akayaandika kama yalivyotoka. Hakutunga hata moja.

Alinipa karatasi mapema, tukiwa wawili tu. Ilikuwa hivi:

Nifungulie dirisha.
Nipe maji kidogo.
Umekula wewe?
Njoo karibu.
Usilie.
Mwanangu.
Sudi.

Basi. Ukihesabu, mstari wa kwanza una mizani nane, halafu kila mmoja unapungua.

"Ukifika kwa jina langu, nyamaza," aliniambia. "Nyamaza kwa kadiri ya mstari mzima, kisha ukae. Usitie neno, nduyangu. Hiki ndicho nilichobakishiwa na mamangu."

Nikamwambia, "Wallahi sitii."

Nilikusudia. Hilo niaminini.

Nikasimama, nikaanza. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili nikauburura kwa sauti, ukatosha. Wa tatu, nikasikia mtu nyuma anakohoa kile kikohozi cha kejeli. Wa nne, mmoja akanong'ona, "Kasahau huyo." Mwalimu Athmani akainua macho.

Wakuu, niliona haya. Sina neno jingine la kusema.

Nilipofika kwa "Usilie", mdomo ukaenda: "Usilie we kipenzi." Watu wakatulia. Nikaona raha. Penye "Mwanangu" nikatia nuru ya macho na nini. Na kwa jina lake, pale pa kunyamaza, nikamalizia kwa sauti ya juu kabisa: "Sudi wangu wa mapenzi!"

Baraza likalipuka. Watu wazima wanalia. Mwalimu akajifuta macho, akasema, "Haya ndiyo mambo! Mwaona? Hata huo mtindo wenu mpya, ukipata mghani, warudi kuwa shairi. Lipitishwe."

Mjadala ukaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza Sudi chochote.

Yeye alikuwa ameketi karibu na viatu. Nikamwendea nikitabasamu, mjinga mimi, nikidhani nimemwokoa.

Akaniambia taratibu, "Mamangu hakunena hayo. Hakuwahi kuniita kipenzi maishani mwake."

Akavaa viatu akaondoka. Hakurudi tena kikaoni.

Shairi lakini halikuondoka naye. Watu walilinakili kama nilivyolighani. Mtu akifiwa na mamake, rafiki humpelekea nakala. Lilifika Changamwe, lilifika Kisauni, hata huko Junda kwenyewe. Kila niliposifiwa nilisema ahsante. Kukanusha kungetaka maelezo marefu, na aibu yake ni yangu.

Uhuru ulipokaribia, kila mahali shamrashamra, nikasema hapana, haya mambo niyamalize. Nikaenda Junda. Nikamkuta anasuka kiti. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia kahawa, na wema ule ukaniumiza kuliko matusi.

Nikamwambia, "Sudi, nisamehe. Nitasimama barazani nilighani kama lilivyo, na huko mwisho nitanyamaza. Nalikumbuka lote."

Nikamsomea kwa moyo, mstari kwa mstari, hadi jina lake. Nikanyamaza.

Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa barua isiyo yake.

Kisha akasema, "Huenda ndivyo alivyonena. Nimekusamehe, usisumbuke. Lakini limeghaniwa mno, nduyangu. Siku hizi nikimkumbuka mama, namsikia akiniita kipenzi. Najua kuwa ni maneno yako. Lakini yeye mwenyewe simsikii tena."

Sikumaliza kahawa.

Wakuu, funzo langu ni fupi. Mtu akikukabidhi kitu ukakiona kimepungua, muulize kwanza kama hakikupunguzwa na mauti. Mimi niliambiwa kabisa, na bado niliogopa kuchekwa.

Kama humu yupo aliyewahi kumrekebishia mwenzake kitu kisichokuwa na kasoro, aandike hapa chini alifanyaje baadaye. Mimi sikupata la kufanya.