Binti wa Damas na Mrija Mkavu

Kila sherehe ya Warundi wa Stockholm, Spéciose alikwenda na chupa yake ya Fanta mkobani. Akifika hakai. Anapiga hodi, anasalimia, anapotelea jikoni kuosha masufuria. Wenzake wakiuzunguka mtungi wa pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake, yeye yuko na sabuni. Ungedhani ni mchapakazi tu. Wapi! Alikuwa anajinyima kabla hajanyimwa.

Maana alikuwa binti wa Damas. Na jina hilo, hata watoto waliozaliwa huku Norsborg, wasioijua Burundi ila kwenye simu, wanalijua: mwenzao akiwasemea kwa mwalimu, wanamwita Damas. Damas mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Wakati wa vita, majirani walipojificha, ni yeye aliyewatembeza askari nyumba kwa nyumba. Nani angemficha nini? Alikuwa amewapima wote, viuno na mabega, na alijua kila nyumba ina watu wangapi. Mtaa ukaisha, yeye akabaki na cherehani yake.

Spéciose wakati huo alikuwa mtoto wa kukaa chini ya meza ya baba yake, akiokota vipande vya vitambaa. Alikosa nini yeye? Haya, nenda kawaambie watu. Miaka ikapita, akamleta mzee huyo Sweden, akamlisha, akamwosha, akamzika karibu peke yake. Mchana alihudumia wazee wa watu majumbani mwao, jioni alimhudumia wa kwake, ambaye hakuna aliyekuja kumjulia hali. Alichoka, akazoea kuchoka.

Sasa mwanawe Gilles akampenda Natacha, msichana wa Husby. Kati ya wasichana wote, jamani! Mama yake Natacha, Médiatrice, alitoka mtaa ule ule, na kaka yake mama huyo, Valéry, alikuwa mmoja wa walioteremshwa kutoka darini, Damas akiwa amesimama mlangoni, kidole juu. Na desturi yao ya posa haina mjadala: mama wa kijana na mama wa binti hunywa kwanza, mtungi mmoja. Mrija wa mmoja ukibaki mkavu, posa imekufa, watu wachukue makoti yao.

“Mama, leo usiende jikoni,” Gilles alimwambia kwenye treni, kwa Kiswidi kama kawaida yake. “Nakuomba.”

Basi walipofika akaketi sebuleni mbele ya mtungi, akautumbukiza mrija wake. Médiatrice alikuwa ameushika mrija wake mkononi, hauingizi.

“Mama Gilles,” alisema, “nina neno moja, kisha sitakuuliza tena. Mzee wako, kabla hajafa, alimtaja Valéry?”

Looo! Uongo ulikuwa pale pale mdomoni, mtamu, tayari: alimtaja, Mama Natacha, alilia, aliomba msamaha. Nani angembishia? Gilles alikuwa amemkazia macho. Lakini Damas naye alijiokoa hivyo hivyo, kwa kuwaambia watu walichotaka kusikia.

“Hakumtaja,” alisema. “Hakumtaja mtu yeyote. Nilimuuliza, nikamuuliza tena. Aligeukia ukutani, akaomba chai.” Akamtazama Médiatrice usoni. “Nikampa hiyo chai, Mama Natacha. Alikuwa baba yangu.”

Médiatrice akaufuta mrija wake kwa upindo wa kitenge, akautumbukiza mtungini, akamgeuzia Spéciose ncha yake.

“Kunywa. Watoto waoane.”

“Na wewe?”

“Mimi nitakunywa harusini, nikiweza. Leo sina nguvu. Lakini ungenidanganya, ningeondoka.”

Spéciose akavuta kwanza kwa mrija wake mwenyewe, kisha kwa ule wa Médiatrice. Watu wakatazamana. Wote wakamgeukia mzee Vénant, mshenga, ambaye ndiye mwenye kauli siku ya posa. Mzee alikuna kidevu, akauangalia mtungi, akawaangalia akina mama. Alionekana amechoka kuliko wote.

“Mrija wa mama wa binti umelowa,” alisema hatimaye. “Nani aliyeulowesha, mimi sikuulizwa.”

Vigelegele vikapasuka, Natacha akamrukia Gilles shingoni. Spéciose aliendelea kuvuta. Pombe ilikuwa chachu, machozi yanaingia humo humo, na bado hakuinua kichwa. Angekiinua, angemkuta Médiatrice amekunja mikono mapajani, anamtazama.