Mpiga pasi aliyeacha mikunjo kwenye maisha ya kaka yake

Saa moja asubuhi pasi imeshashika moto, na mwanamke anayeisimamia hatulii. Ananyunyizia maji shati jeupe, anapitisha pasi begani, analigeuza, anainua kola kwenye mwanga wa dirisha, anairudisha mezani. Shati limenyooka. Yeye hajaridhika.

"Hapa pana kamkunjo," anasema, akigusa mahali ambapo jicho la mtu mwingine halioni kitu.

"Kako kichwani mwako hako, dada," anamjibu mfuaji mwenzake, mikono ikiwa ndani ya beseni hadi viwikoni. Huyu wateja wanamwita Povu. Mpiga pasi wanamwita Bi Nyoosha.

Analipwa kwa idadi ya nguo. Siku nzuri hufikisha hamsini, ingawa mikono yake ina uwezo wa kufikisha sabini. Nguo haitoki mezani kwake mpaka ionekane kama haijawahi kuvaliwa. Tabia hiyo imemletea wateja wengi. Lakini jioni akishika kalamu, tabia hiyo hiyo ilikuwa inamponza.

Bi Nyoosha anaandika maisha ya kaka yake mkubwa. Wazazi wao walipofariki, kaka huyo aliacha shule akaenda kubeba matofali, ili wadogo zake watatu wasome. Herufi chache alizojifunza zilimtoka zamani. Kwa hiyo kitabu chake hawezi kukisoma; ni lazima asomewe. Na masikio yake yanazima.

La kushoto lilizima mwaka jana. La kulia litafuata, daktari alisema, ila hakuna ajuaye lini.

"Nilipoanza kuandika, kaka alikuwa anasikia hata mtu akinong'ona chumba cha pili," anasema, huku akikunja shati, akilikunjua, akilikunja upya. "Sikio zima limekwenda, mimi bado niko ukurasa wa kwanza!"

Haukuwa uvivu. Aliandika kila jioni. Akiandika sentensi, aliiona ndogo mno kwa mtu kama kaka yake, akaikata. Neno moja likikatwa, ukurasa ulionekana mchafu, akauchana. Kesho yake alianza tena juu kabisa: "Kaka yangu ni mtu..." Mtu gani? Hapo ndipo alipokwama mwaka mzima.

Mteja mmoja, mwalimu wa watoto wadogo, aliona vipande vya karatasi kwenye pipa la taka. Tangu siku hiyo, kila akileta suruali zake huacha juu ya kaunta fungu la karatasi zilizoandikwa upande mmoja. "Hizi zimeshachafuka, mama," alimwambia. "Usizionee huruma."

Hata hizo alizichana.

Povu ndiye aliyechoka. Asubuhi moja aliweka simu yake kwenye rafu juu ya meza ya pasi, akaiwasha irekodi.

"Haya, sema."

"Niseme nini, nawe? Nina kazi."

"Sema huku unafanya kazi. Pasi ikiwa mkononi, maneno utayafuta na nini?"

Akabeba beseni lake, akaenda kusuuzia nje juani, ili sauti ya maji isimsumbue.

Bi Nyoosha akaanza kusema. Akikosea, alitamani kurudi nyuma, lakini pasi ilikuwa juu ya kitambaa, na pasi ukiisimamisha inaunguza. Akasonga mbele. Aliruka miaka, akairudia. Akasahau jina la mtaa. Shati kwa shati, akafika pale ambapo kaka alimnunulia viatu vya kwanza, na mvuke ukawa kisingizio cha macho yake.

Jioni alinakili yote, neno kwa neno, kwenye karatasi za mwalimu. Alinakili hata pale aliposema, "Ngoja, kola hii imenishinda," na pale alipofoka, "Povu, sabuni gani hii?"

"Sikukata hata neno," anasema. "Nilikuwa kama mtu anayetoka nyumbani na nguo ya kulalia."

Jumapili alikwenda kwa kaka. Sauti ya simu haimfikii tena vizuri, basi dada alikaa upande wa kulia, mdomo karibu na sikio, akasoma kwa sauti ya juu. Shemeji yake, mke wa kaka, aliinuka akafunga dirisha la barabarani bila kuambiwa.

Alisoma kwamba kaka alikuwa akimbeba mabegani kumpeleka shule, matope yakiwa mengi.

"Mabegani?" kaka akamkata, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti yao wenyewe. "Mabega yenyewe yalikuwa yamechubuka kwa matofali! Nilikubeba mgongoni, kitinda mimba wee, ukaning'ata sikio!"

"Sikukung'ata!"

"Uliniuma! Tena hili la kushoto. Wewe ndiye uliyeliharibu, daktari anahangaika bure!"

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Na kaka, ambaye kwa miaka yote hiyo akiulizwa habari za matofali hujibu "yamepita hayo", hakunyamaza tena. Alieleza habari za mgongo, za matope, za mzee wa tanuru aliyemruhusu kuondoka mapema ili amwahi dada yake shuleni. Habari za mzee huyo Bi Nyoosha hakuwahi kuzisikia.

"Ningempelekea ukurasa msafi, angesema 'asante, mdogo wangu', akalala," anasema. "Kosa ndilo lililomwamsha."

Bi Nyoosha mwenyewe hakugeuka mtu mwingine kwa siku moja. Bado vidole vinamwasha. Wiki hii amezificha karatasi chini ya nguo za wateja asije akazisahihisha, na mara mbili amekwenda kuzichungulia. Jumapili ijayo ameomba ruhusa kazini arudi kwa kaka, maana wiki hii kaka amemwomba arudie maneno zaidi ya alivyozoea.

Sehemu atakayosoma ni ya siku kaka alipoacha shule. Siku hiyo hawajawahi kuizungumza.

"Nimeandika kwamba alifurahi kwenda kazini," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii pasi imesimama wima, haigusi kitu. "Najua si kweli. Nimeiacha hivyo hivyo, ili anikatalie."