Nyuma ya Magunia ya Mpunga

Mama yangu, anayeishi Kihesa pale Iringa, huwaambia wenzake wa kanisani kwamba mwanawe yuko Mbeya "kwenye mambo ya umeme." Si uongo kamili. Gitaa langu linatumia umeme, na limeshanipiga shoti mbele ya maharusi mpaka watu wakadhani ni mtindo mpya wa kucheza. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka kwaya ya vijana nikajifunze gitaa nimtumikie Mungu. Nikamtumikia vizuri tu, hadi bendi moja ya Mbeya ilipokuja kutafuta mtu wa solo. Tangu hapo namtumikia yeyote mwenye harusi, kipaimara, au ng'ombe aliyezaa mapacha.

Watu hudhani mpiga gitaa ni mtu wa raha. Waache wadhani. Kazi yenyewe ni kubeba spika. Gitaa ni mapumziko kati ya kupakua spika na kupakia spika. Tunasafiri juu ya Fuso la kukodi, vyombo chini, sisi juu ya vyombo, na turubai juu yetu sote mvua ya Uyole ikianza vituko vyake. Ukikaza nyuzi Mbeya kwenye baridi, ukishuka huku Usangu kwenye joto zote zimelegea, sauti imeshuka, na kiongozi wa bendi anakuangalia kama wewe ndiye uliyeumba jua. Uzi mwembamba ukikatika mahali pasipo na duka, tunachambua waya wa breki ya baiskeli, tunafunga, maisha yanaendelea. Mwenye baiskeli atajijua mwenyewe kwenye mteremko.

Mwimbaji wetu ni mke wa rafiki yangu, dereva wa malori ya Tunduma, kwa hiyo namwita shemeji. Yeye ananiita Mhehe, na akiwa na furaha ananiuliza kama mbwa wa leo alikuwa mtamu, utani ule wa kwamba Wahehe tunakula mbwa. Ni Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, ana mtoto mmoja, na ameolewa kwenye nyumba inayoshika mila barabara: mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mzee akija njiani, yeye anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Mzee akiwa sebuleni, yeye yuko jikoni na mlango umefungwa, chakula kinapelekwa na mtu mwingine. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima tu. Wengi siku hizi wamelegeza, wanatumiana hata salamu kwa simu, lakini mzee huyu hakuwa mtu wa kulegeza. Mimi niliona ajabu. Kwetu mkwe tunamheshimu sana, lakini tunamwangalia, la sivyo tutajuaje kama ameshiba?

Sasa wiki moja, msimu wa mavuno ya mpunga, shemeji alikuja mazoezini macho yamemvimba. Mama mkwe alikuwa ameleta ujumbe: mzee amesikia kwamba mke wa mwanawe anaimba na walevi, na Jumapili baada ya ibada kutakuwa na kikao cha ukoo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kikao kitasema nini. Mume wake, mwanamume anayeteremsha lori la tani thelathini kwenye mlima Kitonga huku anakula muhindi wa kuchoma, alikuwa amesema, "Neno la baba ni neno la baba." Basi akapanda lori lake akaenda zake Zambia.

"Kwa hiyo Jumamosi hii ya leo ndiyo mwisho wangu," shemeji aliniambia tukiwa juu ya Fuso, tunakwenda harusini Rujewa. "Mhehe, mimi nikiacha kuimba nitaoza. Nakwambia kweli. Nitakuwa mtu wa kugombana na kuku."

Nilikuwa na hasira na mzee ambaye sijawahi kumwona, na hasira zaidi na rafiki yangu aliyekimbilia Zambia. Nikamwambia aimbe leo mpaka mashine zikoboe zenyewe.

Maana harusi yenyewe ilikuwa kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga. Mwenye mashine alikuwa anamuoza binti yake kwa kijana wa Madibira, na kwa kuwa hakuna ukumbi Rujewa unaotosha ndugu zake, alifagia uwanja, akafunga maturubai, akapanga viti. Magunia ya mpunga yasiyo na pa kwenda yakapangwa kama ukuta, juu kupita mtu, na bendi tukawekwa mbele yake. Pumba ilikuwa inapepea hewani. Nikipiga uzi mmoja, vumbi linaruka.

Tulianza vizuri. Mchana ule shemeji aliimba kama mtu anayemaliza akiba yote ghalani. Kina mama wa Kisangu walikuwa wameshatoka na vigelegele, bwana harusi ameshalegea shingo, na mimi solo inateleza yenyewe. Ndipo mshereheshaji akashika kipaza sauti chake akatangaza kwamba tumepata ugeni mkubwa: rafiki wa zamani wa mwenye nyumba, tangu enzi wanabadilishana ndizi za Tukuyu kwa mchele wa Usangu. Akataja kijiji. Akataja ukoo.

Shemeji alikuwa katikati ya ubeti. Sikumwona akienda. Niligeuka nikakuta kipaza sauti kinabingirika chini na ncha ya kitenge inapotelea nyuma ya magunia.

Salale! Wimbo unaendelea, ngoma zinapigwa, mwimbaji hayupo. Mzee ndiye huyo anaingia, mrefu, mwembamba, koti zito la baridi kwenye joto lile la Rujewa, fimbo mkononi, anakaribishwa kiti cha mbele. Nikapiga solo. Nikairudia. Nikaipiga kutoka mwisho kwenda mwanzo. Solo ikawa ndefu mpaka mpiga besi akaanza kuniangalia kwa huruma.

Kiongozi wetu, ambaye akili yake hufanya kazi vizuri zaidi akiwa na hofu, akasukuma kipaza sauti kwa mguu hadi nyuma ya magunia. "Aimbe hukohuko!" akanong'ona. Kisha akanigeukia. "Na wewe fungua mdomo."

"Mdomo gani?"

"Huohuo wenye ndevu!"

Basi jamani. Sauti ya mwanamke, tamu, ya juu, ikatoka kwenye spika, na mbele ya watu wote akasimama Mhehe mwenye ndevu anapanuapanua mdomo kwenye kipaza sauti cha akiba kilichozimwa. Uwanja ulilipuka. Kina mama walishikana mabega wakicheka. Bibi mmoja alikuja mpaka karibu, akanichungulia kooni. Mimi nikaona la kuvunda halina ubani, nikaanza kurembua macho na kukata kiuno, kwa sababu ukishakuwa kichekesho ni bora uwe kichekesho chenye bidii.

Tungevuka salama kama si pumba. Vumbi la mpunga lilimpata shemeji huko nyuma, akapiga chafya katikati ya neno "mpenzi." Chafya ikapasua spika. Nikalazimika kupiga na mimi, ila nilichelewa. Akapiga nyingine, safari hii mimi nikawahi. Yaani tukawa tunapishana chafya kama majogoo wa nyumba mbili. Bwana harusi aliteremka kwenye kiti kwa kicheko, na MC akatangaza kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona kipaji kama hiki.

Watu wakaanza kuja kunitunza, wanacheza wanabandika noti usoni pangu. Mimi macho yote kwa mzee. Alikuwa hacheki. Ameinamisha kichwa, mikono miwili juu ya fimbo, anasikiliza kama mtu anayesikiliza redio yenye habari za nyumbani. Halafu akasimama.

Nikajisemea, tumekwisha. Atakuja, atachungulia nyuma ya magunia, mila itavunjika mbele ya umati, na Jumapili hakutakuwa na kikao, kutakuwa na moto. Vidole vyangu vikaanza kupiga vitu ambavyo si muziki.

Mzee akapiga hatua chache kuja kwetu, akasimama. Akageuka, akatuelekezea mgongo. Na hivyohivyo, kinyumenyume, akaanza kucheza kuja mbele, taratibu, fimbo inamtangulia nyuma kutafuta njia, macho yake kwa watu na mgongo wake kwenye magunia. Wageni wa Kisangu walidhani ni madaha ya wazee wa Tukuyu. Wanyakyusa waliokuwapo wakanyamaza wote kwa pamoja. Hao walikuwa wameelewa.

Akafika. Mgongo wa koti lake ulikuwa karibu kunigusa gitaa. Akapitisha noti juu ya bega bila kugeuka, nami nikaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo si yako."

"Najua, mzee."

"Ninyi watoto mnadhani mimi mjinga," alisema. "Mwanamke huyu ameingia kwangu akiwa binti mdogo. Uso wake siujui. Kimo chake sikijui. Kitu changu kimoja tu kutoka kwake ni sauti, akiwa jikoni anaimba, mimi niko nje nasikiliza ukutani. Ndiyo hiyo mkaamua kuniwekea kwenye spika."

Lo! Nilijisikia mpumbavu kutoka unyayo hadi utosi. Tulihangaika kumficha mzee uso ambao hata angeupita sokoni asingeutambua, tukampigia kwa sauti ya juu kabisa kitu pekee anachokitambua. Bendi nzima, watu wazima wenye familia, hakuna hata mmoja aliyewaza. Angekaa kimya tu huko nyuma tungepona.

Wimbo na ngoma vilikuwa vimesita. Mzee akaendelea, hasemi na magunia, anasema na mimi, maana mila inaruhusu hivyo, unamtumia mtu wa kati hata kama mwenye ujumbe yuko palepale anasikia.

"Mwambie hivi. Walioniambia anaimba na walevi hawakuniambia anaimba hivi. Nyumbani kule anaimba kidogo, anaogopa kunisumbua. Leo nimeisikia sauti nzima." Akakohoa, pumba hiyo. "Kesho wazee watakuja kwenye kikao. Watakunywa chai, watarudi kwao."

"Nitamwambia, mzee," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya mtu wa ndevu tena.

"Sijamaliza. Mwambie siku nikifa, aniimbie. Na siku hiyo aje mbele, asijifiche kwenye magunia. Mimi macho nitakuwa nimeyafumba, haitakuwa kosa."

Akarudi kwenye kiti chake, safari hii anakwenda mbele kama watu wengine, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Kiongozi akahesabu, tukaanza upya. Nyuma ya magunia shemeji akaimba huku analia, na mimi mbele, mdomo wazi, machozi yananitoka ya kwangu mwenyewe. Watu wakashangilia. Walisema yule Mhehe anajua kuigiza mpaka machozi.

Kikao kikawa cha chai kweli. Rafiki yangu aliporudi kutoka Zambia nilimtukana vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kihehe, naye akanunua nyama tukasameheana. Shemeji akaendelea kuimba nasi, Mafinga, Makambako, Kyela, popote palipo na jenereta. Kila alipokwenda Tukuyu alipika nyuma ya mlango uleule uliofungwa, lakini aliniambia siku hizi anaimba kwa nguvu, na sufuria anazipiga makusudi zimpe mdundo.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, mzee akafariki. Tulipanda Fuso tukaenda na gitaa moja tu na spika moja, kwa sababu mlima ulikuwa na utelezi. Msiba wa Kinyakyusa si mahali pa kunong'ona, watu walilia, wakapiga ngoma, wakacheza uwanja mzima mpaka matope yakawa laini. Kisha ndugu wakaanza kupita mbele ya jeneza kuaga. Walipomaliza wote, wazee wa ukoo wakasogea pembeni bila kuambiwa na mtu, wakaacha njia.

Shemeji akapita. Alikwenda polepole, mikono ameifumbata kwenye kitenge, na mazoea yalikuwa bado yanamshika maana alifika pale ameinamisha kichwa. Nilisimama nyuma yake na gitaa, nangoja anipe ishara. Akainua macho. Akamwangalia mzee kwa muda mrefu, paji la uso, pua, akainama hata upande wa pili kuangalia vizuri, hakuna aliyemharakisha.

"Mhehe," akaniambia bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kumbe masikio ya mwanangu yametoka hapa."

Halafu akaanza kuimba.