Nilivyosifu Simu ya Karatasi

Ningemjibu binti yangu, "Hapana mwanangu, tafuta mwingine," leo nisingekuwa na haya ya kuandika. Aliniomba niwe mteja katika mchezo, nikakubali hata kabla hajamaliza kueleza. Binti yangu, mhadhiri wa chuo kikuu, ananihitaji mimi niliyeishia kidato cha nne!

Alikuwa akifundisha vijana kutengeneza programu za simu kidogo kidogo: tengeneza kipande, mwonyeshe mtumiaji, sikiliza kasoro, rekebisha, rudi tena. Haya yote aliyafundisha kwa michezo. Safari hii aliwaleta uani kwangu, kijijini Nkowe, wachore kwenye karatasi programu ya simu ya kumjulisha mkulima siku ya kupeleka korosho ghalani. Mizunguko minne. Mkuu wake wa idara alikuja pia, aamue kama michezo hiyo iendelee au ifutwe.

"Baba, kazi yako ni kulalamika tu."

"Hiyo naiweza. Muulize mama yako."

Mzunguko wa kwanza tu niliiona kasoro. Kila mkulima alitakiwa awe na namba yake ya simu, na nyumba nyingi huku simu ni moja. Lakini vijana walikuwa wageni wangu, wameniamkia, wamekula ugali wangu. Kwetu mgeni hakosolewi. Nikasema, "Safi sana, wajukuu." Wa pili, safi. Wa tatu nikapiga makofi. Nilijificha nyuma ya desturi. Kusema kweli niliogopa kuonekana mjinga mbele ya wasomi.

Mzunguko wa nne, mkuu wa idara akamwita jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe na sasa ana mikorosho yake, ajaribu.

"Simu ni ya mume wangu, na yeye mmeshamwandika," alisema. "Mimi na korosho zangu tukae wapi, mgongoni kwake?"

Vijana waliangua kicheko, kisha wakainamia karatasi zao.

"Baba, hili hukuliona?"

"Niliona tangu mwanzo."

"Mbona hukusema?"

Mkuu wa idara akafunga daftari lake. "Mizunguko mitatu ya kusifiana, madam."

Michezo ilifutwa. Binti yangu hunipigia kila Ijumaa, hunijulia hali, hunitumia dawa za presha. Lakini alipoposwa, aliponunua kiwanja, nilisikia kwa mama yake. Nilimpotezea njia ya kufundisha aliyoipenda, na tangu siku ile hajaniuliza tena ninaonaje.