Fulani, Mtoto wa Fulani

Harufu ya mihogo iliyolowekwa, ile inayoanza kuchacha, hunirudisha hadi leo kwenye kijito kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu, karibu na Kazimia, kando ya ziwa, msimu ule wa vita. Hapo ndipo Mama, huku akimenya, alipotukaririsha: "Mi ni fulani, mutoto ya fulani, kwetu ni kwa fulani." Kila fulani ilikuwa pengo la kujazwa, na kila pengo lilikuwa na jina lake, kutegemea nani ameshika bunduki kwenye bariere, kizuizi cha barabarani. Kwa wapiganaji wa porini, baba yetu awe Asukulu, mvuvi, Mbembe, wa kabila la Mama. Kwa waasi walioshika Baraka, awe yeye mwenyewe, mfugaji wa milimani, kwa jina lake la kweli. Kanisani walituambia jina jema hung'aa gizani. Uongo mtupu. Kwetu jina lililong'aa lilivuta risasi.

Njaa ilipotusukuma kwenda Baraka, tulifika kwanza bariere ya watu wa porini. Walimweka Mama kando, kwani walijua uongo wa mkubwa huvunjikia mdomoni mwa mtoto. Wakamuuliza mdogo wangu Riziki, kibogoyo wa meno ya mbele. Woga ukamchanganya, akajaza mapengo yote kwa jina moja: yeye Riziki, mtoto wa Riziki, kwao kwa Riziki.

Mwenye bunduki hakucheka. Aliitazama pua ya mtoto, nyembamba kama za watu wa milimani, kwa muda mrefu, kisha akataka kujua baba yake hasa ni nani. Mama alisogea, akamzaba Riziki kofi lililomwangusha chini.

"Musamehe, kaka. Iko na kichwa sawa ya baba yake Asukulu. Ule naye ukimuuliza jina, anakutajia ya mbuzi."

Sasa wakacheka. Wakachukua mihogo yetu ya njiani, wakatupisha. Siku hiyo nilimchukia Mama kuliko wao. Tulipopita kona, Riziki, shavu limevimba, akauliza polepole:

"Mama, sasa baba ni nani?"

Leo pale palipokuwa na bariere wanaanika ndagala, dagaa wa ziwani. Mimi nimezurura, toka machimbo ya dhahabu ya Lulimba hadi ng'ambo ya ziwa, na kila kambi nina baba mwingine. Riziki amempa mwanawe jina la baba, lile la kweli, na jioni humwita kwa sauti, mtaa mzima usikie. Nikiwa kwake, kila anapoita, mimi hutazama kwanza barabarani.