Baba Amegoma Kutoka Wodini

Jamani, leo Baba karuhusiwa kutoka hospitali, na amekataa kutoka!

Mnajua alilazwa kwa ajili ya sukari. Sasa kwetu Waarusha, mzee kama yeye hali chakula peke yake, lazima awepo mtu wa rika lake. Basi asubuhi anachomwa sindano ya kushusha sukari, chakula kinaletwa, yeye anakitazama tu. Sukari inashuka, anazimia. Wanamnywesha chai ya sukari, inapanda tena. Kila akipita yule daktari Mzungu: "Bado, bado."

Mpaka Mzee Lomayani, wa rika lake, alipoanza kushuka kutoka kijijini Olmotonyi kila alfajiri kuja kula naye.

Sukari ikatulia!

Leo dresa, yule mhudumu wa wodi, kachemsha mkojo wa Baba na ile dawa ya buluu. Kukiwa na sukari hugeuka nyekundu. Imebaki buluu kabisa! Mama kapiga vigelegele, mimi nikaanza kufunga mizigo.

Mzee Lomayani akacheka. "Basi nipimeni na mimi."

Nyekundu kama tofali.

Daktari akamwonyesha kitanda kile kile cha Baba, hata shuka halijapoa.

Nikasema, "Baba, twende nyumbani."

Baba akaketi pembeni ya kitanda cha mwenzake.

"Niende wapi? Huyu atakula na nani?"

Hebu semeni, nyie mngemjibu nini?

Mama kasonya, kisha akatabasamu. Tumerudi nyumbani na fimbo ya Baba tu. Baba kasema haihitaji kwa sasa.